Magoti ya Mzika Watu wa Dakrur

Chini ya kilima cha Dakrur, kiangazi kikishapamba moto, watu hulipa ili wazikwe wangali hai. Hutoka Kairo, Tanta na Iskandaria kwa mabasi yenye viyoyozi, hushuka kwenye oasisi ya Siwa wameshika viuno, na jina la kwanza wanaloulizia ni la Haji Omran Hweidi. Mwenye jongo, mwenye baridi yabisi, mwenye mgongo uliokataa kunyooka tangu harusi ya mtoto, mwenye ngozi inayobanduka kama maganda ya kitunguu, wote Omran aliwalaza shimoni jua likiwa utosini, akawafukia mchanga wa moto mpaka shingoni, akaviacha vichwa nje chini ya miavuli kama matikiti yaliyopangwa gengeni.

Hakimu alizikwa hapo. Meneja wa benki alizikwa hapo, akamlilia mama yake. Ofisa mmoja wa ushuru alizikwa pia, na Omran alimsahau kidogo shimoni, ingawa mpaka leo anaapa kwamba si kusudi. Kuwaona wakubwa wa nchi wamebaki vichwa vitupu, jasho linawaingia machoni na hawana mkono wa kulipangusa, kulimwingizia Omran kiburi ambacho hakikutoka tena.

"Mbele yangu hakuna mkubwa," alikuwa akisema. "Kuna kichwa tu."

Na alikuwa na sheria yake moja, aliyoitunga mwenyewe kisha akaisema mara nyingi hata watu wakadhani imeshuka na babu zetu. Mtu anazikwa kwa mikono, mzikaji kapiga magoti. Mchanga wa juu ni mkali na wa chini ni mpole, alisema, na mkono ndio unaojua kuuchanganya, chuma hakijui. "Anayezika kwa beleshi, amesimama wima, huyo ni wa makaburini. Tofauti yangu na yeye ni kwamba wateja wangu wanaamka."

Kombora hilo lilikuwa la Jibril, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye alizika kwa beleshi upande wa pili wa mwamba na alikuwa na wateja wawili watatu wa kuokoteza. Mmoja wao Jibril alimbabua mgongo mpaka ngozi ikatoka malengelenge, na Omran akaisimulia habari hiyo kiangazi kizima kwa huzuni kubwa, huku akicheka.

Lakini ugomvi wao halisi ulikuwa juu ya shimo la baba. Liko pale mwamba unapokata upepo, mchanga wake unashika moto mapema na kuuachia kwa kuchelewa. Baba yao alipokufa, Omran alikuwa amekwisha kupiga magoti pembeni ya shimo hilo kabla matanga hayajaisha. Jibril akaambulia kivuli.

Sasa mambo ya Mungu ni haya: mtu aliyezika magoti ya nusu ya Misri, magoti yake mwenyewe yalikuwa yamekwisha. La kulia lililia kama mlango wa ghala. La kushoto lilikaa kimya, ila kila jioni lilifura likawa kama komamanga. Kwa nje, ngozi ya magoti yote mawili ilikuwa imeota sugu nene, kavu, zilizopasukapasuka, kama zile za ngamia. Hizo aliwaonyesha wateja kwa fahari, akiziita shahada zake. Ya ndani hakumwonyesha mtu.

Angeonyeshaje, na kinywa chake kilikwisha kumchongea? Miaka nenda miaka rudi alitangaza kwamba ukoo wa Hweidi haujui maumivu ya viungo, kwamba mchanga umewaingia mpaka kwenye uboho. "Baba yangu alizikwa na mifupa mipya," aliwaambia wateja. "Hakuitumia hata nusu." Mtu wa namna hiyo hawezi kesho yake kusema goti linauma. Kwa hiyo alipotaka kuinuka kutoka shimoni alishika mti wa mwavuli, akajivuta nao polepole, akijifanya anapima kama umekaa sawa. Ndiyo maana miavuli ya Omran ilikuwa imara kuliko yote Dakrur. Mmoja alikuwa ameuchimbia kama nguzo ya umeme.

Masika, kabla mchanga haujapata moto, alimwambia mkewe Salluma kwamba anakwenda Marsa Matruh kununua mablanketi. Akapanda basi, akaingia kwa daktari wa mifupa, akajiandikisha kwa jina la Abdulmaula, mkulima wa zeituni.

Daktari mwenyewe, Shakir Barakat, nchi nzima ilimjua kwa sauti, maana alikuwa na kipindi redioni. Sauti nene, ya mtu anayeongea kutoka ndani ya pipa. Kila kiangazi aliitumia sauti hiyo kuwatukana wazikaji wa Siwa, watu wanaopika wagonjwa, alisema, kama viazi.

"Mzee Abdulmaula," alisema, akiinua picha ya mifupa kwenye mwanga. "Unaona hapa katikati?"

"Sioni kitu."

"Basi umeona vizuri. Hapa palitakiwa pawe na gegedu, ule mto laini unaokaa kati ya mfupa na mfupa. Lako limelika lote. Mfupa unasaga mfupa. Unafanya kazi gani vile?"

"Zeituni."

Daktari akayatazama yale magoti, akaigusa ile ngozi ngumu kwa ncha ya kalamu. "Zeituni zenu mnaziokota au mnazisujudia?"

"Inategemea mavuno."

"Usipige magoti tena, mzee wangu. Hata mara moja. Tembea na fimbo, kula hizi dawa za maumivu, na baadaye tuzungumze habari za goti la bandia."

Omran aliposikia fimbo, aliona sura ya Jibril. Akakunja karatasi ya dawa, akataka kuinuka. Lakini daktari alikuwa ameinuka kabla yake kwenda kufunga mlango, na kwa mara ya kwanza Omran akamwona akitembea. Alitembea kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi kichwani. Alipogeuka, alitoa mguno mdogo na kushika kiuno.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "wewe ni wa Siwa. Huyo Omran Hweidi, ni kweli?"

"Kweli nini?"

"Anaponya? Huu mgongo wangu nimeufanyia kila ninalolijua."

"Na unayoyajua hayakutosha?"

"Nakuuliza kiutu uzima. Na usimwambie mtu."

"Redioni ulisema viazi."

"Redio ni redio, bwana. Mgongo ni mgongo."

Mtu mwenye akili timamu angecheka, au angelia. Omran alivimba kichwa. Akiwa na magoti yasiyo na kitu ndani, dawa za maumivu mkononi, alimwambia daktari wa mifupa kwamba Omran Hweidi ni bingwa wa mabingwa, hana mfano, aende kiangazi kikikolea na asikubali kuzikwa kwa beleshi. Kisha akatoka akichechemea, amefurahi, mteja kampata.

*

Kiangazi kilipokolea, Jibril alikwenda kwa Sheikh Tayib, mkubwa wa ukoo. Sheikh huyu ni mtu wa haki, na haki yake huamua haraka, maana hapendi jua. Alimsikiliza Jibril huku akitafuna mbegu za boga na kutema maganda.

"Kaka yangu hana magoti, sheikh," Jibril alisema. "Amezika watu wanne jana na kila mara ameinuka kwa kupanda mwavuli kama nyani. Shimo la baba linahitaji mtu mwenye viungo. Si mwenyewe ndiye aliyesema beleshi haramu?"

Sheikh akamwita Omran, akamwambia mbele ya mdogo wake: "Juma lijalo nitakuja shimoni. Nitakuona ukipiga magoti na nitakuona ukiinuka, bila mwavuli. Ukiweza, shimo lako. Ukishindwa, la Jibril, na maneno yaishe, maana nimechoka na mashimo yenu."

Bila shimo la baba, Omran alikuwa nani? Mzee mmoja zaidi wa kukaa mlangoni na kufukuza nzi. Tena Jibril angepita kila asubuhi na beleshi begani na kumsalimu kwa heshima. Hiyo heshima ndiyo iliyomnyima usingizi.

Kesho yake alimfuata Salluma. Salluma naye ni mzikaji. Anawazika wanawake nyuma ya shimo la baba, ndani ya uzio wa makuti ambako mwanamume hatii mguu. Alikuwa anachemsha uwatu.

"Mama Zuhra," Omran akasema, akiangalia pembeni. "Nizike."

Salluma akaweka mwiko chini. "Nimengoja neno hilo tangu tuoane."

"Usifanye mzaha. Goti linaniua."

"La kulia au hilo linalovimba?"

"Unajua?"

"Baba Zuhra, unalala unalia 'goti langu, goti langu', nami nimelala hapo hapo ubavuni. Ulidhani nadhani nini, unaimba? Mji mzima unajua. Punda wa Jibril anajua. Wananyamaza kwa sababu ukikasirika unapiga kelele, na watu wanataka kulala mchana."

Jambo hilo Omran aliamua hakulisikia. Walipanga. Itasemwa amekwenda Matruh kununua mablanketi. Salluma atamvika lile shuka la buluu la wanawake wetu, linalofunika kuanzia utosini mpaka kisigino, na kumpakia kwenye mkokoteni wa punda kama shangazi mgonjwa kutoka Jaghbub. Watafika saa ambayo wateja wake wote wa kike wako ndani ya mahema wanatoa jasho, na shimo litakuwa tupu.

Na ndivyo ilivyokuwa, ila shangazi wa Jaghbub alitukana njia nzima kila gurudumu lilipoingia kwenye shimo, kwa sauti nzito, na waliowapisha wakamhurumia Salluma kwa kuletewa shangazi wa namna hiyo.

Omran alikuwa amefukia maelfu. Kufukiwa hakukujua. Mchanga ulipomgusa mgongo aliruka kama samaki kwenye kikaango.

"Moto!"

"Lala," alisema Salluma, akisukuma mchanga kwa mikono miwili, magoti chini, bila haraka yoyote.

"Nakwambia ni moto sana! Huu si mchanga, ni jiko! Changanya wa chini!"

"Maumivu ndiyo yanatoka. Si ndivyo unavyowaambia?"

"Mimi nawaambia wateja!"

"Nawe ni mteja. Hapa hakuna mkubwa, kuna kichwa tu." Akampigapiga mchanga juu ya kifua mpaka akashindwa hata kuvuta pumzi ya kujibu. Kisha akakaa karibu na kile kichwa, akatengeneza mwavuli, akaanza mazungumzo. Kwanza alitaja paa la jikoni. Akataja ule mkufu wa mama yake aliouuza ili wanunue hema, na hema likaitwa la Omran. Akataja mahari ya Zuhra, na jinsi yeye alivyofanya kazi ile ile, kwenye mchanga ule ule, kwa magoti yale yale, na hakuna hakimu aliyewahi kuja kuulizia jina lake. Omran alijaribu kugeuza uso upande wa pili. Salluma akahamia upande wa pili.

"Endelea kutoa jasho," alisema. "Sijafika kwenye ndugu zako."

Alipomfukua, alimkunja ndani ya mablanketi na kumwingiza kwenye kihema kidogo kilichoegemea uzio. Huko mtu hukaa siku tatu. Sheria za huko Omran alizijua kwa sababu ndiye aliyekuwa akizipigia kelele: hakuna maji baridi, hakuna feni, hakuna kuoga, na juu ya yote hakuna kutoka nje. Vinyweleo vimefunguka, alifundisha. Ukipigwa na upepo kidogo tu, unaingia mpaka kwenye mfupa na hautoki tena. Aliwahi kumkemea meneja wa benki hadharani kwa kuchungulia tu nje ya hema.

Siku ya kwanza harara ilimtoka mgongo mzima, vipele vyekundu kama mtu aliyelala juu ya mwiba, na mikono ilikuwa imefungwa ndani ya blanketi. Siku ya pili aliomba maji ya mtungini kwa sauti ya yatima. Salluma akamletea uwatu wa moto na ndimu. Goti, kwa kweli, lilikuwa kama lilivyokuwa. Labda lilipungua kidogo, au labda mwasho wa mgongo ulikuwa mkali hata goti likanyamaza lisikilize. Omran hakutaka kulichunguza jambo hilo sana.

Siku hiyo hiyo ya pili, mchana, akiwa amelala anahesabu mishono ya hema, alisikia watu wanazungumza upande wa pili wa uzio, kwenye shimo la baba.

"Kaka yako yuko wapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Sheikh Tayib, katikati ya mbegu za boga.

"Matruh, sheikh. Mablanketi." Jibril. "Kila akibanwa ni mablanketi. Nyumba yake ina mablanketi kuliko hoteli. Mimi nasema amekimbia."

"Nilisema juma lijalo, na juma lenyewe ndilo hili. Nami sitakuja tena mpaka huku kwenye jua hili."

Kisha ikaja sauti ya tatu, nene, kutoka ndani ya pipa. "Samahanini. Mimi ni mhandisi Rifaat kutoka Tanta. Namtafuta Haji Omran. Mgongo."

Omran akatoa kichwa kwenye blanketi.

"Haji Omran amestaafu," Jibril akasema kwa upole wa kuudhi. "Magoti yake hayana kitu ndani. Mimi ndiye mdogo wake. Lala tu hapo, mheshimiwa, nichukue beleshi."

Usiniulize kilichopita kichwani mwa Omran, maana hakikupita kitu. Alijiviringisha kutoka kwenye mablanketi, akavuta kilichokuwa karibu, yaani lile shuka la buluu, akapasua makuti ya uzio kwa bega. Upepo ukampiga. Ule ule. Aliusikia ukiingia.

Upande wa pili, Sheikh Tayib aliona mwanamke amefunikwa gubigubi akitokea kwenye uzio anahema, akageuza uso haraka kama inavyompasa mtu wa heshima. "Karibu, bibi. Samahani, hapa ni kwa wanaume."

"Beleshi chini!" akanguruma yule bibi.

Sheikh akageuza uso tena. Shuka lilikuwa limeteleza. Ndevu nyeupe, jasho, na uso mwekundu kama shaba.

"Omran?"

"Nimefika sasa hivi kutoka Matruh," alisema Omran. "Njiani kulikuwa na vumbi."

Jibril alikaa chini kabisa kwa kicheko. "Vumbi! Wallahi, kaka, buluu inakupendeza! Mablanketi yako wapi, umeyameza?"

Lakini Omran alikuwa anamtazama mhandisi. Mhandisi alikuwa na miwani mieusi na kofia iliyovutwa mpaka kwenye nyusi, na nyuma ya miwani hiyo naye alikuwa anatazama chini, kwenye pindo la shuka, ambako magoti mawili yenye sugu za ngamia yalikuwa nje mchana kweupe. Midomo yake ikaanza kutamka kitu. Abdulmaula, pengine.

"Mhandisi," akasema Omran upesi, "sauti yako nzuri. Redioni kuna daktari mmoja..."

"Sisikilizi redio!" alisema yule mtu. "Sina hata redio."

"Mheshimiwa, usidanganyike," Jibril akasema, akiinuka na kujifuta machozi. "Huyu magoti yake yamesagika. Mtazame anavyosimama."

"Magoti yake?" Daktari Shakir akasukuma miwani puani. Alikuwa ameyaona magoti hayo kwa ndani, kwenye mwanga, na alijua kwamba Jibril, kwa kubahatisha, amesema neno la kitabibu. "Mimi si mtaalamu. Ila kwa kutazama tu, hayo ni magoti mazima kabisa. Sijapata kuona magoti mazima hivyo."

"Wewe ni mhandisi wa nini?" Sheikh akauliza.

"Wa madaraja."

"Basi unajua kitu kinachobeba uzito. Ushahidi wako unatosha. Omran, piga magoti umzike huyu bwana, kisha uinuke, twende zetu."

Daktari akavua shati. Akalala shimoni, akatoa ukelele mdogo wa mchanga wa kwanza, akajizuia. Omran akasimama ukingoni. Alikumbuka: hata mara moja. Aliyemwambia hivyo ndiye aliyekuwa amelala pale chini, anamtazama kwa macho ya mtu aliyesema uongo na sasa anauona ukija kwake kwa miguu.

Akapiga magoti.

La kulia lililia kwa sauti hata sheikh akaacha kutafuna. "Nini hicho?"

"Makuti," alisema daktari kutoka shimoni.

Omran alizika. Tusimnyime haki yake: mikono ilijua. Ilichanganya wa juu na wa chini, ikaanzia miguuni, ikapanda kiunoni, ikambana yule mtu mgongo kwa mchanga wa moto mpaka akafumba macho na kusema "aah" kama mtu aliyevuliwa kiatu kidogo. Jibril mwenyewe aliacha kucheka, akatazama. Kisha mchanga ukafika shingoni, na kazi ikawa imekwisha.

"Vizuri," akasema Sheikh Tayib. "Kupiga magoti nimeona. Inuka."

Omran akaita miguu yake. Haikuitika. Kutoka mapajani kwenda chini kulikuwa na moto tu, na mifupa miwili iliyokamatana kama mbwa. Mwavuli ulikuwa umbali wa mkono, na sheikh alikuwa ameshauweka mguu wake kwenye ule mti.

"Siwezi kumwacha, sheikh."

"Kumwacha nani?"

"Mgonjwa. Huu mgongo si mgongo wa kawaida. Mtu akiwa na mgongo kama huu, mzikaji anakaa naye, anamsomea, mpaka mwisho. Nikiinuka sasa, akapata dhara, shingo yangu."

"Sijapata kusikia hivyo," Jibril akasema.

"Ungesikia wapi, juu huko ulikosimama na beleshi?" Omran akainua viganja viwili, akafumba macho, akaanza kusoma dua. Alisoma ya wagonjwa. Akasoma ya wasafiri. Akasoma ya mvua, Siwa, katikati ya kiangazi.

"Ni kweli," kichwa cha daktari kikasema kwa unyonge. "Nahisi nikiachwa nitapata dhara."

Jua lilikuwa kali. Sheikh alihamia kivulini, kivuli kikahama. Mbegu za boga zikaisha. Omran alikuwa amefika kwenye dua ya wafu, akiisoma taratibu, jasho likimdondoka puani juu ya mchanga na kukauka kabla halijafika. Hata Jibril alianza kuegemea beleshi na kupiga miayo.

"Basi, basi!" akasema sheikh hatimaye, akijipangusa shingo. "Miaka yote nilidhani huyu ni mpiga domo tu. Kumbe mtu anamlindia mgonjwa namna hii, kwenye jua hili, amevaa shuka la mke wake. Jibril, wewe ungefanya hivyo?"

"Mimi nisingeweza kufanya hivyo," Jibril alisema, na huo ndio ukweli pekee uliosemwa pale mchana huo.

"Shimo ni la Omran. Chukua beleshi lako, nipeleke nyumbani."

Mkokoteni wa Jibril ukaondoka, gurudumu likilia. Vumbi likatua. Shimo la baba lilikuwa la Omran, kwa hukumu, bila rufaa. Alifungua macho.

"Nitoe," daktari alisema. "Nimeiva."

"Nitoe mimi kwanza."

"Nilikwambia usipige magoti."

"Na mimi nilisikia ulivyoapa kwamba ni mazima. Kijana wa redio, anza wewe kuinuka."

Daktari alijaribu. Kichwa chake kilitikisika mara mbili, mchanga haukutikisika hata mara moja. Omran alikuwa amembana vizuri sana. Hiyo ilikuwa kazi ya ustadi. Angeweza kumfukua kwa mikono, lakini kila alipojiinamisha mbele goti lilimrudisha nyuma kwa ukelele. Wakatazamana, mmoja kichwa, mmoja kiwiliwili, wote wawili wakiwa wataalamu wa mifupa.

"Mama Zuhra!" Omran akaita. "Mama Zuhraa!"

Salluma akatokea kwenye tundu la uzio. Alikuwa na birika la uwatu na gilasi moja. Akalitazama tundu, akamtazama mumewe aliyepiga magoti kwenye upepo na shuka lake la buluu likipeperuka, akakitazama kichwa cha mhandisi. Kisha akaketi kivulini, akajimiminia.

"Nimeyasikia yote," alisema. "Shimo umelipata."

"Nimelipata. Njoo uniinue."

"Ulilitaka sana, Baba Zuhra. Kaa nalo kidogo." Akapuliza gilasi yake. "Nina wateja wanne hemani, na uzio wa kushona. Nikimaliza nitakuja."

"Bibi," daktari akasema, kwa ile sauti yote ya pipa, "mimi ni daktari!"

"Wewe ni kichwa," alisema Salluma, na akanywa.

Upepo ukavuma kidogo kutoka upande wa ziwa la chumvi. Daktari akakunja uso, akakunja tena, akachezesha pua kushoto na kulia kama sungura.

"Mzee Abdulmaula."

"Nini tena?"

"Pua inaniwasha."

Omran alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Akanyoosha mkono, akamkuna.

"Juu kidogo," alisema daktari. "Hapo. Hapo hapo."